Fulubeki aende chuo gani? Njia nne zikilinganishwa

Louisville, Des Moines, Fort Worth, Portland ya Maine: kote huko vijana wa familia zetu wanacheza futiboli ya Kimarekani shuleni, na baadhi yao makocha wamewapanga fulubeki. Nafasi hiyo inamfaa kijana mwenye kifua na mapaja, asiye na mbio za kumwacha kila mtu, ila akimpamia mtu, mtu anakwenda chini. Akifika mwaka wa tatu wa sekondari, ujumbe wa makocha wa vyuo huanza kuingia, na wazazi waliotoka Uvira, Kigoma au Eldoret hujikuta wakipima majina wasiyoyajua na ahadi wasizojua uzito wake. Nimeandika kwa ajili yao, na kwa kijana mwenyewe.

Fulubeki husimama nyuma ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Enzi za Jim Brown na Larry Csonka, wote wawili zao la Chuo Kikuu cha Syracuse, fulubeki ndiye aliyebebeshwa mpira. Brown alikimbia yadi 12,312 akiwa na Cleveland Browns kati ya 1957 na 1965. Csonka alikuwa mhimili wa Miami Dolphins waliomaliza msimu wa 1972 bila kufungwa hata mechi moja. Siku hizi kazi yake kubwa ni kumtangulia ranibeki, mkimbiaji anayebeba mpira, na kumwondoa lainibeka, mlinzi wa katikati, njiani, na hata kazi hiyo imepungua. Timu nyingi zimewatawanya washambuliaji wao upana mzima wa uwanja, na nafasi yake ikachukuliwa na mpokeaji wa tatu au taiti endi, yule wa mwisho wa safu anayezuia na kudaka pia. Fulubeki halisi wa mwisho kuchaguliwa raundi ya kwanza ya uteuzi wa kila mwaka wa kuingia NFL, ligi ya kulipwa, ni William Floyd wa Florida State, mwaka 1994.

Kwa jumla, takwimu za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo na kuvigawa katika divisheni tatu, zinaonyesha kwamba karibu asilimia 7 tu ya wanaocheza sekondari huendelea kucheza vyuoni, na kati ya wanaofikia hatua ya kuchaguliwa na NFL, wasiofika asilimia 2 ndio huchaguliwa. Hizo ni hesabu za nafasi zote. Anayecheza nafasi inayopungua ana sababu zaidi ya kuchagua chuo kwa makini.

Vipimo

Njia zote nne nitazipima kwa mambo matano:

- Kazi: mfumo wa kocha unamtumia fulubeki kweli, na kwa shughuli gani?
- Ada: nani analipa, na kwa masharti gani?
- Masomo: atatoka na shahada ipi, na mpira utamwachia muda gani wa kusoma?
- Mwili: atagongwa kiasi gani, na nani anamwangalia?
- NFL: mlango upo? Mpana kiasi gani?

Kipimo cha mwili nakipa uzito kuliko wengi wanavyokipa. Fulubeki anatoka yadi kadhaa nyuma ya mstari, lainibeka naye anakuja mbio, wanakutana mabega na vichwa. Hilo hurudiwa mechi nzima, na mazoezini pia kocha asipoweka mipaka. Kevin Turner alikuwa fulubeki wa Alabama, kisha New England na Philadelphia. Mwaka 2010 akaambiwa ana ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli, akafariki Machi 2016 akiwa na miaka 46. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston walipouchunguza ubongo wake walikuta CTE, ugonjwa unaohusishwa na kupigwa kichwa mara kwa mara kwa miaka mingi. Mike Alstott wa Purdue, aliyeitwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa NFL, mara sita akiwa Tampa Bay, alistaafu Januari 2008 kwa sababu ya shingo. Sisemi kijana asicheze. Nasema mzazi akikaa mbele ya kocha aulize mazoezi ya kugongana kwa nguvu ni siku ngapi kwa wiki, na nani mwenye kauli ya mwisho mchezaji akiumia kichwa, kocha au daktari. Jibu likizungukazunguka, hilo nalo ni jibu.

Jambo la pili la kutazama kabla ya yote ni karatasi za uhamiaji. Kijana mwenye kadi ya kijani anaweza kuomba msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho, ukiwemo Pell Grant. Aliyetoka nyumbani kwa visa ya mwanafunzi ya F-1 hapati huo, na pesa za matangazo ambazo wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kupokea tangu Julai 2021 kwake zina mtego: visa hiyo inabana sana kazi ya kulipwa. Asitie saini mkataba wowote kabla mwanasheria wa uhamiaji hajausoma. Kuna na hili ambalo familia nyingi hazilijui: mzazi akiapishwa kuwa raia kabla mtoto hajatimiza miaka 18, na mtoto ana kadi ya kijani na anaishi naye Marekani chini ya ulezi wake, mtoto naye huwa raia papo hapo. Kwa njia ya pili hapa chini, hilo ndilo linaloamua kila kitu.

Njia ya kwanza: chuo kikubwa cha Divisheni ya Kwanza

*Kazi.* Hapa kuna majina yenye historia. Nebraska ya Tom Osborne ilishinda Orange Bowl, mechi kubwa ya kufunga msimu wa vyuo, ya tarehe 1 Januari 1995 kwa miguu ya fulubeki Cory Schlesinger. Mabeki wa Miami walikuwa wepesi mno wa kupenya, basi Nebraska wakaacha mmoja apenye, gadi, mmoja wa wazuiaji wa safu ya mbele, akamgonga kutoka ubavuni, na Schlesinger akapita pale pale palipobaki wazi. Robo ya nne wakamfanyia Miami hivyo na kufunga mara mbili, mechi ikaisha 24 kwa 17. Iowa chini ya Kirk Ferentz, aliyeko tangu 1999, imemtunza fulubeki kwa muda mrefu. Wisconsin nayo ilitoa Derek Watt na Alec Ingold.

Ila Wisconsin hiyo hiyo ni somo. Mwaka 2023 alikuja kocha mpya na mfumo wa kurusha mpira, na fulubeki akakosa pa kusimama. Riley Nowakowski, aliyeingia pale bila ufadhili na kucheza fulubeki, alihamishiwa taiti endi, baadaye akahamia Indiana. Alijua kubadilika, akaokoka. Kocha akiondoka, nafasi inaweza kuondoka naye.

*Ada.* Fulubeki wengi wa vyuo hivi huingia kwa kujilipia. Andy Janovich alianza hivyo Nebraska, Michael Burton vilevile Rutgers. Hadi msimu wa 2024 kila chuo cha ngazi ya juu kilikuwa na ufadhili 85. Baada ya makubaliano ya mahakamani ya Juni 2025, vyuo vilivyojiunga vina kikomo cha wachezaji 105 kikosini, na chuo kinaweza kumfadhili yeyote kati yao. Upande mzuri: ufadhili unaweza kuongezeka. Upande mbaya: viti vya wanaojilipia vimepungua, maana zamani vikosi vilivuka idadi hiyo bila shida. Mgawo wa mapato ambao vyuo sasa vinaweza kuwapa wachezaji usiutegemee kwa fulubeki. Kwenye foleni ile kwotabeki anatangulia.

*Masomo.* Shahada ni nzuri na fani ni nyingi. Kwa mkazi wa jimbo ada ya chuo cha umma ni nafuu kuliko kwa mgeni, kwa hiyo kujilipia chuo cha jimboni kwenu na kujilipia cha jimbo jirani ni mambo mawili tofauti kabisa. Muda ndio mgumu.

*Mwili.* Atakutana na watu wakubwa na wenye kasi kuliko mahali pengine popote. Kwa upande mwingine, madaktari na vifaa vipo vya kutosha.

*NFL.* Maskauti wanafika wenyewe. Watt na Janovich walichaguliwa raundi ya 6 mwaka 2016, na Janovich mara ya kwanza kupewa mpira NFL alikimbia yadi 28 hadi kufunga. Ingold hakuchaguliwa kabisa mwaka 2019, ila akapata timu.

*Anafaa nani.* Kijana anayeishi jimbo lenye chuo kinachomtumia fulubeki, ambaye familia inaweza kubeba mwaka mmoja au miwili ya ada, na ambaye moyo wake hautavunjika akikaa benchi.

Njia ya pili: vyuo vya kijeshi

*Kazi.* Anayetaka fulubeki wa kubeba mpira aangalie Army, Navy na Air Force, yaani vyuo vya jeshi la nchi kavu, la majini na la anga. Mfumo wao wa jadi ni wa chaguo tatu. Kwotabeki anapokea mpira, anaugeuza na kuukandamiza tumboni mwa fulubeki anayepita kwa kasi, huku macho yake hayamwangalii fulubeki bali beki mmoja wa pembeni ambaye wamemwacha makusudi bila kumzuia. Beki yule akitoka nje, kwotabeki anauachia mpira, fulubeki anapasua katikati. Beki akimfuata fulubeki, kwotabeki anauchomoa na kwenda nao pembeni, akimbie nao au amrushie mwenzake. Yote hayo chini ya sekunde moja. Fulubeki hajui kama mpira ni wake hadi ausikie umebaki mikononi, kwa hiyo kila mara anakimbia kama anao. Mimi naona hapa ndipo nafasi hii bado ina heshima yake kamili.

Tangu 2022 kanuni mpya imezuia kumgonga mtu chini ya kiuno nje ya eneo la katikati, na hilo liliuumiza mfumo huu. Army walijaribu mwingine mwaka 2023, kisha 2024 wakarudi karibu na asili yao na kumaliza na ushindi 12, vipigo 2 na ubingwa wa ligi yao ya American.

*Ada.* Hakuna ada. Kuna posho ya kila mwezi. Malipo yake ni utumishi: akihitimu anakuwa ofisa na analitumikia jeshi angalau miaka mitano. Anaweza kuondoka bila deni la utumishi kabla hajaanza mwaka wa tatu. Kanye Udoh alikimbia zaidi ya yadi 1,000 kwa Army mwaka 2024, na baada ya mwaka huo wa pili akahamia Arizona State.

Masharti ya kuingia ni makali. Awe raia wa Marekani, hajatimiza miaka 23, hajaoa, hana mtoto wa kumlea, na kwa kawaida apendekezwe na mbunge au seneta wa jimbo lake. Maombi ya mapendekezo huanza mapema, kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari kupamba moto. Wazazi wengi hulikumbuka hili muda umekwisha.

*Masomo.* Ni mazito: hesabu, fizikia na uhandisi humgusa kila mtu, hata anayesomea historia. Shahada inaheshimika kokote.

*Mwili.* Fulubeki wa mfumo huu huangushwa hata asipokuwa na mpira, kwa kuwa beki hawezi kubahatisha. Ongeza mafunzo ya kijeshi. Ni mzigo mkubwa.

*NFL.* Mlango ni mwembamba, na kanuni za kuahirisha utumishi ili kucheza zimebadilishwa mara kadhaa. Kyle Eckel wa Navy alipita, akatwaa Super Bowl, fainali ya NFL, ya msimu wa 2009 na New Orleans Saints. Waliopita hivyo ni wachache.

*Anafaa nani.* Kijana anayetaka uofisa hata mpira ungefutwa kesho. Anayeona jeshi kuwa bei ya kulipia mpira atateseka, na familia itateseka naye. Kwa familia iliyokimbia vita, hili lizungumzwe mezani kwa uwazi, mama akiwepo.

Njia ya tatu: FCS na Divisheni ya Pili

*Kazi.* Vyuo vya FCS, ngazi ya chini ya Divisheni ya Kwanza, na vya Divisheni ya Pili haviko kwenye televisheni kila Jumamosi, lakini vingi bado hucheza mpira wa kukimbia. North Dakota State ilitwaa ubingwa wa FCS mara 10 kati ya misimu ya 2011 na 2024, na fulubeki alikuwa sehemu ya utambulisho wake. Hunter Luepke wa pale alikimbia, akapokea, akazuia. Kijana hapa ana nafasi ya kucheza mapema badala ya kusubiri miaka mitatu.

*Ada.* Ufadhili upo, ila hukatwa vipande. Kiwango kilichozoeleka ni sawa na ufadhili kamili 63 kwa FCS na 36 kwa Divisheni ya Pili, ukigawanywa kwa kikosi kizima. Kwa hiyo kocha akisema "tunakupa ufadhili", swali linalofuata ni dola ngapi kwa mwaka, na familia ibaki na dola ngapi. Mwombe aandike. Mara nyingi alama nzuri darasani huongeza fungu la pili, na mafungu mawili hujaza pengo.

*Masomo.* Yanatofautiana sana kati ya chuo na chuo. Angalia kama fani anayoitaka kijana ipo. Angalia pia kama chuo kina msimamo na mpira wenyewe. Christian Okoye, Mnigeria aliyekuja Azusa Pacific kurusha kisahani, akaanza futiboli 1984 na mwaka 1989 akaongoza NFL nzima kwa yadi 1,480, angekuja leo asingeikuta timu: chuo hicho kiliifunga mwaka 2020.

*Mwili.* Mapambano ni makali. Huduma ya tiba inategemea mfuko wa chuo, hivyo uliza idadi ya matabibu wa timu.

*NFL.* Mlango uko wazi kuliko watu wanavyodhani. C.J. Ham alikuwa ranibeki wa Augustana, chuo cha Divisheni ya Pili huko Sioux Falls, hakuchaguliwa mwaka 2016, akawa fulubeki wa Minnesota Vikings na kufika Pro Bowl. Patrick Ricard alicheza safu ya ulinzi Maine, naye hakuchaguliwa, Baltimore wakamgeuza fulubeki na akafika Pro Bowl pia. Luepke aliingia Dallas kwa njia hiyo hiyo mwaka 2023.

*Anafaa nani.* Anayetaka kucheza kweli, si kuvaa jezi tu, na familia inayohitaji ada ipungue tangu mwaka wa kwanza.

Njia ya nne: Ivy League na Divisheni ya Tatu

*Kazi.* Ivy League ni ligi ya vyuo vinane vya kale, Harvard kikiwa kimojawapo. Mifumo ni ya kila namna. Kyle Juszczyk alicheza Harvard kama mtu wa katikati ya fulubeki na taiti endi, akipokea mpira kuliko kuubeba.

*Ada.* Hakuna ufadhili wa michezo hata mmoja. Msaada hutolewa kwa kuangalia kipato cha nyumbani, na hapo ndipo familia nyingi za wahamiaji hukosea kwa kuogopa bei iliyoandikwa. Harvard ilitangaza Machi 2025 kwamba familia yenye kipato cha dola 100,000 au chini yake kwa mwaka hailipi chochote, si ada, si chakula, si malazi. Wanafunzi wa kigeni nao huomba msaada pale. Kwa vyuo vya Divisheni ya Tatu msaada hutofautiana mno, na vingine ni ghali hata baada ya punguzo.

*Masomo.* Ndicho kitu cha kwanza huku, na kuingia Ivy ni kazi kubwa: alama ziwe za juu tangu mwaka wa kwanza wa sekondari. Juszczyk alisomea uchumi.

*Mwili.* Njia hii ina sifa inayostahili kutangazwa. Kocha Buddy Teevens wa Dartmouth aliondoa kuangushana mazoezini mwaka 2010, na 2016 makocha wa Ivy wote wakakubaliana kuacha jambo hilo katika mazoezi ya msimu. Kwa fulubeki, ambaye mazoezi humla zaidi ya mechi, hiyo ni tofauti kubwa.

*NFL.* Wachache, ila Juszczyk alichaguliwa raundi ya 4 mwaka 2013, na mkataba wake wa 2017 na San Francisco ulikuwa wa dola milioni 21 kwa miaka minne. Kutoka Divisheni ya Tatu, usijenge mpango juu ya hilo.

*Anafaa nani.* Mwanafunzi hodari anayependa mchezo na anayetaka shahada iwe ndiyo mtaji wake.

Jambo linalopita njia zote

Tazama majina niliyoyataja upya. Ham alikuwa ranibeki, Ricard mlinzi, Ingold alikuwa kwotabeki sekondari na lainibeka alipofika Wisconsin, Juszczyk nusu taiti endi. Reggie Gilliam, aliyecheza Buffalo Bills, alikuwa taiti endi Toledo. NFL inamtafuta mtu anayeweza kuzuia, kudaka na kukimbia kwenye timu maalumu za mateke, aliyeitwa fulubeki chuoni au asiyeitwa. Kwa hiyo kocha akisema "kwetu hakuna fulubeki, ila nitakuweka taiti endi", msikilize. Na yule anayeahidi nafasi ya fulubeki, mwombe video za mechi tatu za mwisho na uhesabu fulubeki yuko uwanjani mara ngapi, hasa timu inapohitaji yadi moja au mbili.

Kwa hali yako

Kama ada ndiyo kikwazo na alama ni za wastani, anza na Divisheni ya Pili na FCS za karibu, ukilinganisha kiasi cha mwisho ambacho familia italipa.

Kama ada ndiyo kikwazo na alama ni za juu sana, omba Ivy League kabla ya kukataa kwa hofu ya bei, na ongeza chuo cha umma cha jimbo lenu kama akiba.

Kama ni raia na jeshi liko moyoni, andika kwa ofisi ya mbunge majira ya kuchipua ya mwaka wa tatu wa sekondari. Kama yuko kwa kadi ya kijani na mzazi ametimiza miaka ya kuomba uraia, mzazi aombe sasa.

Kama yuko kwa visa ya F-1, chuo kinachotoa ufadhili ulioandikwa au msaada kwa wageni kina uzito kuliko chuo chenye ahadi za matangazo.

Kama amewahi kupata mtikisiko wa ubongo zaidi ya mara moja, daktari wa mishipa ya fahamu aonwe kabla ya kocha, na mipaka ya mazoezi iwe kipimo cha kwanza.

Na kama barua hazijaja, bado kuna vyuo vya miaka miwili, ambako kijana hucheza na kuhamia chuo cha miaka minne. Kwa vyovyote, ajisajili na kituo cha NCAA cha kukagua sifa na ahakikishe na mshauri wa shule kwamba masomo yake ya msingi yatafika 16 kwa wastani wa 2.3 kwa Divisheni ya Kwanza, au 2.2 kwa ya Pili. Aliyefika Marekani akiwa darasa la tisa au la kumi, na nakala za matokeo yake zimebaki Goma au Nakuru, aanze kuzifuatilia wiki hii, kwa sababu kituo hicho hukagua matokeo ya sekondari ya nchi ya nje pia, na hulichukulia kwa uzito kila cheti kinachokosekana.